Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya Mkoani Tanga: Dozi ya Kwanza Isisubiri Jumatatu

Kwa Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya afya, ustawi wa jamii na usalama wa raia, Mkoa wa Tanga.

Salaam.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA DAWA KINGA YA VVU KWA WATU WALIO NDANI YA SAA 72

Tafadhali husikeni na mada iliyotajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Makorora jijini Tanga. Tangu nilipoondoka kazini nimekuwa nikijitolea kuwasindikiza waliobakwa, waliochomwa na sindano zilizotumika na waliopasukiwa na kondomu, hadi pale wanapostahili kupewa dawa ya kuwakinga wasiambukizwe Virusi vya UKIMWI, dawa ambayo ni lazima ianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio. Malalamiko ninayoyaleta si mageni kwa baadhi yenu. Yalisemwa kwa mdomo vikaoni, yakaandikwa katika barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na jibu likawa lile ambalo kila raia wa nchi hii amekwisha kulisikia, kwamba yanafanyiwa kazi. Kwa kuwa hatujaiona kazi hiyo, nimeamua kuyaweka hadharani. Sitakitaja kituo chochote wala mtumishi yeyote, kwa sababu shida ninayoieleza imo katika utaratibu, na kumhamisha muuguzi mmoja wa zamu hakutaiondoa.

Wengi wenu mnaijua sayansi ya jambo hili kunizidi, lakini barua ya wazi husomwa pia na mama wa Ngamiani na mvuvi wa Kigombe, hivyo naomba mniwie radhi niieleze. Virusi vya UKIMWI vikipita katika utando wa uke, njia ya haja kubwa, kidonda au tundu la sindano, havienei mwili mzima papo hapo. Huanza kuzaliana katika chembe chache za pale vilipoingilia, na ndani ya siku chache hubebwa hadi kwenye tezi za limfu, ambako hupata njia ya kusambaa katika damu. Vikishapachika vinasaba vyao ndani ya vinasaba vya chembe za mwili wenyewe, hakuna dawa iliyopo leo ya kuving'oa. Dawa kinga hufanya kazi katika muda huo mfupi kabla virusi havijaweka makazi. Kidonge kinachotumika sana nchini kina dawa tatu ndani yake, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri: mbili za kwanza huvizuia virusi kunakili vinasaba vyao, na ya tatu huvizuia kuvipachika. Humezwa kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 28. Ni kidonge kilekile ambacho ndugu zetu wanaoishi na VVU hukimeza kila siku, na kimejaa katika kliniki za tiba na matunzo, CTC kama tulivyozoea kuziita.

Jambo hili halikuzuka jana. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti juu ya watumishi wa afya wa Marekani na Ulaya waliojichoma sindano zenye damu ya wagonjwa, ukaonyesha kwamba waliomeza zidovudini baada ya ajali hatari yao ya kuambukizwa ilipungua kwa takriban asilimia 81. Mwaka uliofuata, watafiti waliowapa nyani tenofoviri baada ya kuwaingizia virusi walikuta kwamba walioanza ndani ya saa 24 na kuendelea kwa siku 28 walinusurika wote, ilhali miongoni mwa walioanza saa 48 au 72, au waliokatisha dawa mapema, wapo walioambukizwa. Zile saa 72 zinazotajwa katika miongozo zina asili yake hapo, na kila anayepanga zamu za hospitali anapaswa kukumbuka kwamba saa hizo ni ukomo, wala si miadi. Anayefika katika saa ya pili ana nafasi nzuri kuliko anayefika katika saa ya sabini, na mfumo unaomchukulia yule wa saa ya pili kana kwamba bado ana siku tatu za kuzungushwa unampunguzia kinga kwa mikono yake wenyewe.

Baada ya kusema hayo, hoja zangu ni hizi.

1. Kliniki ina saa za ofisi, madhara hayana. Katika vituo vingi nilivyopita, dawa kinga hutunzwa ndani ya CTC, na CTC hufungwa jioni, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mganga wa zamu ya usiku yupo, muuguzi yupo, maabara ina mtu, na vidonge vipo hatua chache tu kutoka hapo walipo, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu. Naomba tupige hesabu pamoja. Mwanamke aliyebakwa saa mbili usiku wa Ijumaa, akaambiwa aje kliniki ikifunguliwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu, atakuwa amepoteza saa 60, na kubakiwa na saa 12 ambazo ndani yake atapanga foleni, atafunguliwa faili na kupata ushauri nasaha. Pasaka ni mbaya zaidi, kwa kuwa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ni sikukuu: aliyepatwa na jambo Alhamisi saa mbili usiku atafunguliwa mlango Jumanne asubuhi, saa 108 baadaye, na hapo ataambiwa kwa upole kabisa kwamba amechelewa kuja. Neno hilo, "amechelewa", ndilo linaloandikwa kwenye rejesta. Nimewahi kumsindikiza mtu aliyeandikiwa hivyo ilhali alikuwa amelala kwenye benchi la kituo hichohicho tangu usiku wa tukio.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba dawa hizi ni za mpango maalumu, zina hesabu zake na taarifa zake, na haziwezi kuachwa ovyo wodini. Hesabu ni jambo jema. Lakini sindano za adrenalini nazo zina hesabu, damu ya kuongezewa ina hesabu, na hakuna hospitali inayomwambia mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua arudi Jumatatu. Kinachotakiwa ni vidonge vichache vya kuanzia katika kabati la dharura, na daftari pembeni ambamo muuguzi ataandika jina, saa ya tukio na saa ya kumeza. Kliniki ikifunguliwa itachukua nafasi yake.

Wala haifai kusingizia kwamba lazima daktari bingwa apatikane kwanza. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Julai 2024 unapendekeza dawa kinga itolewe hata nje ya hospitali, katika jamii, na kazi ya kuitoa igawiwe watumishi wa kada nyingine badala ya kuachiwa madaktari peke yao. Iwapo dunia inazungumza juu ya kuipeleka mitaani, ni vigumu kuelewa kwa nini sisi tunashindwa kuivusha korido moja.

2. Fomu namba 3 ya polisi imegeuzwa kuwa cheti cha dawa. PF3 ina kazi yake, nayo ni ya heshima, kwani bila ushahidi wa kitabibu kesi ya ubakaji hudhoofika, na Bunge lilipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998 lilikusudia wahalifu wafungwe. Hata hivyo, fomu ni ya mahakama, na kidonge ni cha mwili. Kinachotokea ni kwamba mwathirika anafika mapokezi, anaulizwa PF3, anarudishwa kituoni, anamkuta askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hayupo zamu, anaambiwa asubiri mwenye muhuri, na akirudi hospitali anakuta zamu imebadilika na anaanza kusimulia upya. Kwa mtu wa Jiji hiyo ni nauli ya bajaji na machozi. Kwa mtu wa Mtae juu kule Lushoto, au wa kambi ya shamba la mkonge ambako gari hupita asubuhi tu, ni siku nzima, pengine mbili.

Wapo wasiotaka kesi kabisa, na wanazo sababu zao. Aliyetendewa na mume wa dada yake, ambaye ndiye anayemlisha, anaweza kuamua kunyamaza leo na kusema mwakani. Tukimnyima dawa kwa sababu hakufungua jalada, tunakuwa tumemwadhibu yeye. Hata walio tayari kufungua kesi hawapotezi ushahidi kwa kumeza kidonge, kwa sababu sampuli huchukuliwa na mganga na fomu inaweza kujazwa hapohapo kitandani askari akiitwa. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilianzishwa ili polisi, daktari, mshauri na ofisa ustawi wa jamii wakutane chini ya paa moja na mwathirika asizunguke. Wazo hilo ni zuri, nami nimeona lilivyosaidia mahali linapofuatwa. Naomba tu lifuatwe hata usiku, na hata katika wilaya zilizo mbali na Jiji.

3. Aliyechomwa na sindano akiwa na ufagio mkononi hana mtetezi. Muuguzi akijichoma, wenzake wanajua la kufanya, na mara nyingi anameza dozi ya kwanza ndani ya saa hiyohiyo. Mfanya usafi wa zahanati binafsi, mzoa taka wa mtaani na kijana anayeokota chupa dampo hawamo katika hesabu hiyo. Mama mmoja anayefanya usafi alichomwa Ijumaa jioni na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida badala ya sanduku la usalama. Mwajiri wake alimkamua kidole, akammwagia spiriti, akampa nauli aende nyumbani. Kukamua hakusaidii kitu. Jeraha la namna hiyo huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, basi, kisha mtu hukimbizwa kwenye dawa. Mama huyo alikuja kusikia habari ya dawa kinga Jumapili, kutoka kwa jirani. Ni kweli kwamba hatari ya kuambukizwa kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ni ndogo, kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa, lakini hakuna awezaye kumwambia mtu aliyechomwa kwamba yeye hayumo katika hao watatu.

4. Maswali yasiyo na kazi. Ili kuanza dawa, mtumishi anahitaji kujua tukio limetokea lini, limetokea kwa njia gani, mtu anaumwa nini au anatumia dawa gani nyingine, na kipimo chake cha VVU kinasemaje leo. Na hata kipimo chenyewe, kikikosekana, hakizuii dozi ya kwanza. Hahitaji kujua mtu alivaa nini, kwa nini alikuwa Barabara ya Ishirini saa zile, ameolewa na nani, au ni mara ya ngapi. Wanawake wanaojiuza na vijana wa kiume waliobakwa wameniambia kwamba kile kikao cha maswali kinatisha kuliko kuumwa. Wengine huondoka katikati.

5. Siku 28 zinakatwa vipande. Vituo vingine hutoa dawa ya siku saba na kumtaka mtu arudi kila wiki, ilhali Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2014 kwamba dozi yote ya siku 28 itolewe mara moja. Mtu wa Pangani au wa Mkinga anayetakiwa kuomba ruhusa kwa tajiri na kutafuta nauli kila wiki ataacha katikati, na kisha ataitwa mzembe. Isitoshe, anatoka akiwa na kopo linalofahamika kwa kila mtu, kutoka katika mlango unaofahamika kwa kila mtu. Mji wetu ni mdogo. Wapo walioachwa na waume zao kwa sababu ya kopo hilo, ilhali kipimo kilionyesha hawana maambukizi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mpimwaji, lakini siri hailindwi kwa maandishi pekee; inalindwa pia kwa bahasha ya kawaida ya dawa, kwa kadi fupi inayoeleza kwamba mhusika anatumia kinga ya mwezi mmoja, na kwa chumba ambacho mlango wake hauna bango.

Katika hilo niongeze la kitaalamu, kwa sababu nimelikuta likisahauliwa. Anayepewa vidonge hivi aambiwe kwamba vinaweza kumletea kichefuchefu au kukosa usingizi, na kwamba hali hiyo kwa kawaida hupungua. Aambiwe asivimeze pamoja na dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu bila kupewa maelekezo ya kutenganisha saa. Apimwe homa ya ini aina ya B, kwa kuwa dawa hizi huigusa pia na kuziacha ghafla kunaweza kuiamsha. Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apewe dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo nayo ina saa zake. Kisha arudiwe kupimwa baada ya wiki nne hadi sita, na tena baada ya miezi mitatu. Mtu akielezwa haya kwa dakika kumi, hufika siku ya 28. Akipewa kopo na kuambiwa "meza kila siku", haachi kujiuliza kama anaponywa au anauawa.

6. Watoto. Dawa yao hupimwa kwa uzito, na vipo vidonge vya dolutegraviri vya kuyeyushwa kwenye maji. Nimeshuhudia mtoto akizungushwa kwa sababu kituo kilikuwa na vidonge vya watu wazima peke yake. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Sasa niyajibu yale yatakayosemwa baada ya barua hii kusomwa. Litasemwa kwanza suala la fedha. Ni kweli kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwamba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini imekuwa ikibebwa na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003. Mtikisiko wake tuliuona hata huku kwetu, hasa kwa wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi. Lakini kidonge hiki si ghali. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza kwamba dawa ya mtu mmoja kwa mwaka mzima inapatikana kwa chini ya dola 45 za Kimarekani, na kwa bei hiyo siku 28 hazifiki dola nne. Mtu akiambukizwa, atahitaji kidonge hichohicho kila siku ya maisha yake. Sioni ni hesabu gani ya serikali inayopata nafuu kwa kumnyima cha mwezi mmoja.

Litasemwa pia kwamba dawa ikipatikana kirahisi vijana watajiachia. Hoja hii niliisikia nikiwa bado kazini, ikisemwa juu ya kondomu, na kabla ya hapo juu ya uzazi wa mpango. Anayekuja mara kwa mara hafukuzwi. Hupelekwa kwenye ile dawa nyingine ya kinga, inayomezwa kabla ya kukutana na hatari, ambayo nayo ipo nchini. Na huyo anayerudi ana afadhali, maana walau tunamjua. Tuwahofie wale wasiojitokeza kabisa. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 yalionyesha kwamba watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka Tanzania. Hao hawakuambukizwa kwa wingi wa dawa kinga makabatini.

Na litasemwa kwamba watumishi hawatoshi. Hilo nalikubali bila ubishi, nimelala wodini nikiwa peke yangu na wagonjwa wasio na idadi. Kutoa kidonge kimoja na kuandika saa hakumwongezei mtumishi mzigo unaolingana na kumzungusha mtu yuleyule kwa siku tatu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninayoyaomba ni haya. Kila kituo chenye zamu ya usiku kiwe na dozi za kuanzia, za wakubwa na za watoto, katika kabati la dharura, na muuguzi wa zamu awe na idhini ya maandishi ya kuzitoa. Utolewe waraka mmoja, uliosainiwa na upande wa afya na upande wa polisi kwa pamoja, unaosema kwamba PF3 si sharti la kuanza dawa, na kwamba mwathirika anayeanzia kituo cha polisi apelekwe hospitali kwanza, fomu imfuate huko. Dawa ya siku 28 itolewe yote kwa wakati mmoja, pamoja na kadi. Waajiri wa wafanya usafi na mawakala wa taka waagizwe kubandika maelekezo ya la kufanya mtu akichomwa, na kituo cha karibu anachotakiwa kukimbilia. Rejesta iongezwe safu mbili, ya saa mtu aliyofika na ya saa aliyomeza dozi ya kwanza, na tofauti kati ya safu hizo isomwe hadharani katika vikao vya halmashauri kila robo mwaka, bila majina. Katika yote niliyoomba, hili la mwisho ndilo nisilokuwa tayari kulipunguza, maana bila safu hizo mtaendelea kuletewa taarifa kwamba dawa zipo, na kweli zitakuwepo, huku watu wakiendelea kuandikwa kwamba wamechelewa.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii ipokelewe. Mkiona inafaa tukutane, niko tayari kuja pamoja na baadhi ya waliopitia haya na kuridhia kusema, mradi kikao kisiwe na wapiga picha. Na kama waraka ninaouomba ulikwisha kutolewa zamani na haukushushwa vituoni, naomba nakala yake. Nitaubandika mimi mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga.

Nakala:
Waheshimiwa madiwani wa kata zote za Mkoa wa Tanga
Wenyeviti wa mitaa na vijiji
Ubao wa matangazo